Mashine ya biskuti Makita PJ7000: uzoefu wangu kwenye makabati, nyuso za meza na fremu

Mashine ya biskuti huchimba mifereji myembamba kwenye mbao mbili, ili kipande kimoja cha mti kiitwacho biskuti kiingie kote kuwili na kuziunga. Kwa fundi anayetengeneza makabati ya MDF (bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa), plaiwudi au chipibodi, na kwa anayeunga mbao kupata uso mpana wa meza, mashine hii ni hela iliyotumika vizuri. Kwa anayeishi kwa viti, vitanda na milango ya mbao, hela hiyo aipeleke kwenye patasi nzuri au mashine ya kuchimba tundu la ulimi, ile ncha ya ubao inayochongwa iingie ndani ya ubao mwingine. Nalisema mapema kwa sababu mashine hii inalaumiwa sana kwa kazi ambazo haikutengenezewa.

Biskuti yenyewe ni kipande bapa cha mti wa biichi wa Ulaya, chenye umbo la jicho, kilichogandamizwa kiwandani. Kikiguswa na gundi yenye maji kinavimba ndani ya mfereji wake na kuukaba. Nyuzi zake zimekatwa mshazari, ili mahali pa kuungia pasiwe na mstari mmoja wa nyuzi unaoweza kupasuka kutoka ncha hadi ncha. Aliyeibuni ni seremala wa Uswisi, Hermann Steiner, katikati ya miaka ya 1950, akitafuta namna ya kuunga chipibodi. Kumbuka asili hiyo unapoamua uitumie wapi. Chipibodi haina nyuzi za kuchongea ulimi, na skrubu ikiingia ubavuni mwake inaulegeza mara moja. Hapo biskuti inaleta nguvu ya kweli. Kwenye mbao za asili zilizoungwa ukingo kwa ukingo, gundi peke yake inashika kuliko mbao zenyewe, na biskuti inabaki na kazi ya kuziweka nyuso usawa mmoja zisipandane wakati wa kubana.

PJ7000 ina wati 700, inazunguka mara 11,000 kwa dakika, ina uzito wa kilo 2.5 na diski ya milimita 100 inayokata upana wa milimita 4. Kirungu cha kuchagulia kina cha mfereji kina alama za 0, 10, 20, S, D na MAX. S na D ni za viungio maalumu visivyo biskuti za kawaida. Mimi nafanya karibu kila kitu kwa zile tatu za mwanzo. Biskuti namba 0 ni milimita 47 kwa 15, namba 10 ni 53 kwa 19, namba 20 ni 56 kwa 23, na zote zina unene wa 4. Vina vya mifereji yake ni 8, 10 na 12.3. Piga hesabu ya namba 20: nusu ya 23 ni 11.5, kwa hiyo kila upande inabaki milimita 0.8. Nafasi hiyo imeachwa makusudi ili gundi iliyozidi ipate pa kwenda. Mfereji ukiwa na vumbi chini, nafasi hiyo inapotea, biskuti inagota, na kiungo kinabaki wazi hata ukikaza klempu (vibanio) mpaka zilie. Kabla ya gundi, puliza kila mfereji au ukwangue kwa ncha ya biskuti kavu.

Kuna hesabu nyingine inayoonyesha kwa nini napenda biskuti kuliko vijiti vya doweli. Diski ya milimita 100 ikizama 12.3 inaacha mdomo wa takriban milimita 66, na biskuti ina 56. Kwa hiyo ubao unaweza kusogea kulia au kushoto karibu milimita tano kabla haujagota. Alama ya penseli ikipotoka kidogo, unausogeza ubao mpaka ncha zilingane. Doweli haikusamehe hata upande mmoja. Lakini kwa upande wa unene, juu na chini, biskuti nayo haina msamaha, na ndiyo maana uzima wote wa mashine hii uko kwenye fensi, kile kibati cha mbele kinachokaa juu ya uso wa ubao.

Fensi ya PJ7000 inapanda na kushuka kwa meno, na inalala kutoka nyuzi 0 hadi 90. Hilo ndilo jambo linaloitofautisha na mashine za bei ya chini, ambazo nyingi fensi yake inashikwa na skrubu mbili tu za pembeni na inakaa ulivyoibana, hata kama ni kombo. Mashine yoyote utakayonunua, mpya au iliyotumika, ipime hivi kabla hujaipeleka kwenye kazi ya mteja. Chomoa plagi. Weka fensi nyuzi 90 na uihakiki kwa skwea dhidi ya uso wa mbele wa mashine. Chukua kipande cha MDF ya milimita 18 chenye ukingo ulionyooka, kibane mezani, chomeka plagi, chimba mfereji mmoja wa namba 20. Halafu kwa venia (kipimo chenye taya kinachosoma sehemu ndogo za milimita) pima kutoka uso wa ubao hadi mdomo wa juu wa mfereji, mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, fensi haiko sambamba na diski.

Usiudharau upungufu huo, kwa sababu unajirudia. Mbao mbili zikichimbwa zote kutoka uso wa juu kisha zikatazamana, kushoto kwa moja kunakutana na kulia kwa nyingine. Mfereji ulioinama huku unakutana na ulioinama kule, kosa linakuwa mara mbili, na biskuti inalazimika kujinyonga katikati. Ukipitisha kidole juu ya kiungo unahisi ngazi inayopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Sababu ya kawaida ni vumbi lililoganda kwenye njia ya fensi, au kukaza kishikio huku fensi imeinuliwa na uzito wa mota. Safisha kwa brashi, ilaze fensi juu ya ubao ulionyooka, igandamize kwa kiganja, kisha kaza polepole.

Fensi ikikataa kabisa, iinue isiguse kazi na utumie kitako cha mashine. Laza ubao juu ya meza iliyonyooka, uso mzuri chini, weka mashine juu ya meza hiyo hiyo, usukume. Kitako hakilegei wala hakiinami, kwa hiyo mifereji yote inakuwa na kimo kimoja. Kwenye mashine nyingi kitovu cha diski kiko takriban milimita 10 juu ya kitako, pima yako. Kwa ubao wa 18 hiyo ni milimita moja tu nje ya katikati, na haidhuru chochote mradi mbao zote mbili zimepimwa kutoka uso ule ule. Chora msalaba wa penseli kwenye uso huo wa kila ubao kabla hujawasha mashine. Anayechimba ubao mmoja kutoka juu na mwenzake kutoka chini ataona tofauti ile ile ya katikati ikigeuka ngazi ya milimita mbili.

Kuchimba kwenyewe ni kwepesi ukiheshimu mpangilio. Washa, subiri mota ifike mwendo wake, sukuma kwa utulivu kama sekunde mbili, rudisha, ndipo uzime. Mkono wa kushoto uko juu ya fensi ukiigandamiza kwenye uso wa ubao, wa kulia unasukuma tu, haunyanyui wala haukandamizi. Mota iko nyuma na inavuta kitako chini. Ukiuachia mkono wa kulia ubebe, mfereji unainama. Mashine pia huvuta pembeni diski inapougusa ubao, hasa kwenye mbao ngumu na hasa diski ikiwa butu. Ukiwasha huku diski tayari imegusa ubao, mfereji unatoka mpana na biskuti inachezacheza. Kipande kidogo kisishikwe kwa mkono hata siku moja: kibane, au kichimbe kikiwa bado sehemu ya ubao mrefu, ukikate baadaye.

Mpangilio wa biskuti kwenye ubavu wa kabati la jikoni wenye kina cha milimita 560: vitovu naviweka 50, 203, 357 na 510 kutoka mbele. Yaani 50 kutoka kila mwisho, na zinazobaki zinagawanyika takriban kila 153. Hizo biskuti nne za namba 20 kwa kila kona zinatosha kwa bodi ya 18. Kwa uso wa meza wa mbao za asili sina haja ya kuzibananisha hivyo, kila 250 hadi 300 panatosha, lakini ya kwanza naisogeza ndani hadi 75 kutoka mwisho. Mfereji una milimita 33 kila upande wa kitovu chake, kwa hiyo kutoka kichwa cha ubao imebaki 42. Meza ikishaungwa lazima vichwa vikatwe vinyooke. Ukikata zaidi ya hapo, mfereji unachungulia. Ubao ukifika milimita 30 na zaidi, weka safu mbili, moja juu ya nyingine.

Shelfu ya katikati, ile inayokutana na ubavu wa kabati mahali pasipo na ukingo, inawasumbua wengi, kumbe ni rahisi kuliko kona. Chora mstari kwenye ubavu pale uso wa chini wa shelfu utakapokaa. Laza shelfu juu ya ubavu, uso huo wa chini ukigusa ubavu na kichwa chake kikigusa mstari, ubane zote mbili. Shelfu ielekee upande ambao ukiisimamisha, itakanyaga ng'ambo ya mstari. Sasa laza mashine juu ya ubavu, kitako chini, uchimbe kichwa cha shelfu. Kisha isimamishe mashine wima, kitako kikiegemea kichwa hicho hicho cha shelfu, uchimbe ubavu chini yake. Umbali ni ule ule mara zote mbili kwa sababu kitako ni kile kile. Alama za vitovu ziandike kwenye shelfu tu, zinatumika kwa michimbo yote miwili.

Kona ya nyuzi 45 inahitaji tahadhari moja ambayo watengenezaji hawaisemi kwa sauti. Bodi ya 18 ikikatwa 45, ule mkato una upana wa milimita 25 na kidogo. Ukichimba katikati yake, kutoka hapo hadi uso wa nje kuna milimita 12.7 tu za mbao. Namba 20 inachimba 12.3, na diski ina unene wa 4: itatokeza nje, kwenye uso mzuri ambao mteja anautazama. Tumia namba 0, au namba 10 ukiwa umeusogeza mfereji kuelekea kona ya ndani, kama milimita 16 kutoka ncha kali. Ndani kuna nyama ya kutosha.

Gundi ni ile nyeupe ya mbao, ya maji. Kwa jikoni na bafu tafuta iliyoandikwa D3, inayostahimili unyevu. Gundi ya kopo inayotumika kubandika fomaika haina maji, biskuti haitavimba, na kiungo kitabaki kinashikwa na bahati. Epoksi nayo inashika lakini haivimbishi, kwa hiyo usiitegemee pale biskuti ilipoingia ikiwa legelege. Gundi inapakwa ndani ya mfereji, kwenye kuta zote mbili, kwa brashi nyembamba au chupa yenye mdomo bapa. Ukiipaka juu ya biskuti peke yake, mdomo wa mfereji unaifuta wakati inaingia, na biskuti inaanza kuvimba mkononi. Panga kila kitu kikavu kwanza, hakikisha kinafunga, klempu zikiwa zimefunguliwa kwa kipimo. Paka mifereji ya ubao wa kwanza, ingiza biskuti, paka mifereji ya pili na ukingo mzima, funga, bana. Dar es Salaam au Mombasa mchana wa joto una dakika chache tu. Kazi yenye biskuti nyingi ifanye asubuhi au ugawe mara mbili. Kwa uso wa meza klempu zipishane, moja juu moja chini, ili mbao zisipinde kuelekea upande mmoja.

Baada ya hapo subira. Biskuti ikivimba inasukuma mbao za juu yake kidogo sana, na maji ya gundi nayo yanazivimbisha. Ukipiga randa au msasa jioni ile ile unakata ule mwinuko. Siku kadhaa baadaye maji yanatoka, mbao zinarudi, na juu ya kila biskuti panabaki kibonde chenye umbo la jicho. Hakionekani mpaka upake vanishi ya kung'aa, ndipo taa ya pembeni inavionyesha vyote vimejipanga mstari mmoja. Saa 24 ni kiwango cha chini. Kwa meza ya kung'aa naiacha siku tatu au nne. Kwenye bodi ya milimita 12 kuta za mfereji ni 4 tu kila upande, na biskuti ikivimba inaweza kuinua uso wenyewe. Hapo namba 0, gundi kidogo, na ikiwezekana upande usiotazamwa.

Unyevu wa Pwani ni adui wa biskuti kabla hata hazijatumika. Pakiti ikiachwa wazi Zanzibar au Tanga wakati wa masika, biskuti zinavimba mezani na haziingii. Usizigonge kwa nyundo: utaifungua MDF tabaka kwa tabaka. Zipime kwa venia, zikizidi 4.1, zianike juani mchana kutwa kwenye sinia au zitie kwenye oveni ya moto mdogo, kisha zihifadhi kwenye mtungi wa plastiki wenye kifuniko kinachokaza. Kuhusu kuzitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi ya 4: haivimbi vya kutosha, na unene wake haukai sawa kutoka bodi hadi bodi. Zinafaa kunyoosha nyuso, hazifai kubeba mzigo.

Mbao zetu zina tabia zake. Mninga unachimbika safi sana, ila vumbi lake linawasha pua na ngozi. Vumbi la mvule ni kali zaidi, na ndani ya mvule hukutana na vijiwe vya chokaa vinavyomega meno ya diski. Ukisikia mlio umebadilika ghafla, simama utazame. Msaji una mafuta, kwa hiyo ukingo na midomo ya mifereji ifute kwa thina dakika chache kabla ya gundi. Paina na saipresi zinaacha utomvu kwenye diski. Ukiona mifereji inatoka na rangi ya kuungua, mara nyingi diski haijaisha makali, imechafuka tu. Chomoa plagi, itoe, iloweke kwenye mafuta ya taa, isugue kwa mswaki. Mfuko wa vumbi unaziba haraka kwa vinyweleo virefu vya mbao laini, uumwage kabla haujafika nusu, na barakoa iwe usoni hata ukiwa na mfuko.

Mahali ambapo sitaiweka biskuti: kiti. Mguu wa nyuma na upau wa kiti vinapokezana uzito wa mtu anayeegemea, na biskuti imeingia milimita 11 na nusu tu kila upande. Ulimi wa milimita 40 ndio saizi ya kazi hiyo. Fremu nyembamba nazo zina mpaka wake: mfereji wa namba 0 una mdomo wa milimita 54, kwa hiyo kipande cha upana wa 45 kitatoboka pembeni. Chini ya 60 natumia doweli.

Asiye na hela ya mashine anaweza kutumia ruta yenye kisu cha mifereji cha milimita 4 na beringi. Anaisogeza pembeni kidogo kurefusha mfereji, na matokeo ni mazuri kwenye kingo, ingawa katikati ya ubao haifiki. Grainda iliyofungwa diski ya mbao usiiguse. Haina kinachoificha diski wala kinachoizuia kuzama, na vidole viko mbele yake.

Vipuri: kabla hujanunua diski mpya pima tundu la katikati, kwa kawaida ni milimita 22, na uhakikishe imeandikwa kuhimili mizunguko 11,000 au zaidi. Brashi za kaboni zibadilishe zote mbili kwa pamoja. Ukinunua iliyotumika kutoka Marekani, soma kibati kilicho kwenye mota kwanza. Kikiandikwa volti 120, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 mota inaungua pale pale. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zisizopungua 1,000, na bei ya transfoma hiyo iingize kwenye hesabu kabla hujafurahia punguzo.